Automata za seli kwenye kompyuta za awali za nyumbani

Automata za seli kwenye kompyuta za awali za nyumbani zilikuwa programu za uigaji zilizoandikwa na watu binafsi kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi mwisho wa miaka ya 1980. Programu hizo zilionyesha kwenye skrini ya televisheni jinsi kanuni chache rahisi zinavyoweza kuzaa maumbo yanayosonga, kukua, kufa na hata kujinakili. Iliyojulikana zaidi ni Mchezo wa Uhai, uliobuniwa na mwanahisabati Mwingereza John Horton Conway.

Kompyuta za wakati huo zilikuwa na kumbukumbu ndogo na kasi ndogo, kwa hiyo waandishi wa programu walilazimika kubuni mbinu nyingi za kubana nafasi na muda. Baadhi ya mbinu hizo hutumika hadi leo.

## Maana ya automata ya seli

Automata ya seli ni mfumo wa kihisabati unaoundwa na gridi ya miraba. Kila mraba huitwa seli. Kila seli huwa katika hali moja kati ya hali chache, kwa mfano "hai" au "mfu". Muda hauendi mfululizo bali kwa hatua, na kila hatua huitwa kizazi. Hali ya seli katika kizazi kijacho hutegemea mambo mawili tu: hali yake ya sasa na hali ya majirani zake. Kanuni ni moja kwa seli zote, na seli zote hubadilika kwa wakati mmoja.

Hakuna seli inayoongoza nyingine, wala hakuna sehemu ya mfumo inayojua umbo zima. Kila kinachoonekana kwenye gridi hutokana na hesabu ndogo zinazofanyika mahali pamoja pamoja.

## Asili ya wazo

Wazo hili lilianza miaka ya 1940 nchini Marekani. Mwanahisabati John von Neumann, mzaliwa wa Hungaria, alijiuliza kama mashine inaweza kutengeneza mashine nyingine inayofanana nayo kabisa. Rafiki yake Stanislaw Ulam, aliyefanya kazi naye huko Los Alamos, alimshauri alichunguze swali hilo kwenye gridi ya seli badala ya kufikiria vyuma na nyaya. Von Neumann alibuni automata ambayo kila seli yake ilikuwa na hali 29. Alifariki mwaka 1957 kabla ya kuikamilisha kazi hiyo. Arthur Burks aliikamilisha na kuichapisha kama kitabu mwaka 1966.

Mwaka 1968 Edgar F. Codd, ambaye baadaye alipata sifa kwa nadharia ya hifadhidata, alionyesha kwamba hali 8 zinatosha. Hata hivyo, mashine za von Neumann na Codd zilihitaji seli nyingi mno, na kwa miaka mingi zilibaki kwenye karatasi.

## Mchezo wa Uhai

Conway alitafuta kanuni rahisi zaidi kuliko hizo. Akiwa Chuo Kikuu cha Cambridge, yeye na wenzake walijaribu kanuni nyingi kwa mkono wakitumia ubao na kete za mchezo wa Go. Kanuni waliyoichagua ina hali 2 tu. Kila seli ina majirani 8: wawili wa kando, mmoja wa juu, mmoja wa chini na wanne wa pembeni kwa mshazari.

* Seli hai yenye majirani hai 2 au 3 huendelea kuishi.
* Seli hai yenye majirani hai chini ya 2 hufa kwa upweke. Yenye zaidi ya 3 hufa kwa msongamano.
* Seli mfu yenye majirani hai 3 kamili huzaliwa.

Mtu yeyote anaweza kujaribu kanuni hizi kwa karatasi ya miraba na kete za bao au vifuniko vya soda. Ugumu huja haraka, kwa sababu baada ya vizazi vichache hesabu huwa nyingi na kosa moja huharibu yote yanayofuata.

Martin Gardner aliueleza mchezo huu katika safu yake kwenye jarida la *Scientific American*, toleo la Oktoba 1970. Conway aliahidi zawadi ya dola 50 kwa yeyote atakayethibitisha, au kukanusha, kwamba umbo lenye seli chache linaweza kukua bila mwisho. Mnamo Novemba mwaka huohuo kundi la Bill Gosper kwenye taasisi ya MIT lilipata jibu. Lilitengeneza "bunduki", yaani umbo la seli 36 ambalo kila baada ya vizazi 30 hutoa umbo dogo linaloitwa glaida. Kwa kuwa glaida hizo haziishi kutoka, idadi ya seli huongezeka daima.

Glaida yenyewe ina seli 5:

    .O.
    ..O
    OOO

Baada ya kila vizazi 4 umbo hili hurudi kama lilivyokuwa, lakini likiwa limesogea mraba mmoja kwa mshazari. Hakuna kanuni yoyote inayosema kwamba kitu kitembee. Mwendo huo ni matokeo tu ya seli kuzaliwa upande mmoja na kufa upande wa pili.

## Kutoka kompyuta za taasisi hadi za nyumbani

Mwanzoni Mchezo wa Uhai ulihitaji kompyuta za vyuo na makampuni. Huko Cambridge ilitumika kompyuta ya PDP-7 yenye skrini, na programu yake iliandikwa na Michael Guy na Stephen Bourne. Muda wa mashine kama hizo ulikuwa ghali. Wapenzi wengi wa mchezo huu walilazimika kuucheza usiku, wakati kompyuta za waajiri wao hazikuwa na kazi nyingine.

Hali ilibadilika mwaka 1975, ilipoanza kuuzwa Altair 8800, kompyuta ya vipande vya kuunganisha nyumbani yenye kichakato cha Intel 8080. Mnamo Septemba mwaka huo jarida la *Byte* lilitoa toleo lake la kwanza, na ndani yake mlianza mfululizo wa makala kuhusu namna ya kuandika programu ya Mchezo wa Uhai. Mwaka 1976 kampuni ya Cromemco ilitoa kadi ya picha iliyoitwa Dazzler, iliyoiwezesha Altair kuonyesha rangi kwenye televisheni ya kawaida. Picha ya miraba 64 kwa 64 yenye rangi ilihitaji baiti 2,048 za kumbukumbu. Mchezo wa Uhai ulikuwa miongoni mwa programu za mwanzo zilizotolewa kwa ajili ya kadi hiyo.

Mwaka 1977 zilitoka kompyuta tatu zilizokuwa tayari kutumika bila kuunganishwa na mnunuzi: Apple II, Commodore PET na TRS-80. Mwaka 1981 ilifuata ZX81 ya kampuni ya Sinclair nchini Uingereza, iliyouzwa kwa pauni 69.95, na mwaka 1982 ZX Spectrum na Commodore 64. Majarida na vitabu vilichapisha programu nzima kwenye kurasa zake. Msomaji alizinakili mstari kwa mstari kwa kibodi, kisha akazihifadhi kwenye kaseti ya kawaida ya muziki.

Mchezo wa Uhai ulifaa sana kwa majarida hayo. Programu yake ilikuwa fupi, haikuhitaji picha zilizochorwa tayari, na haikuwa na maadui wala alama za ushindi. Mtumiaji aliweka seli za mwanzo, kisha akatazama.

## Tatizo la kumbukumbu

Kompyuta ya ZX81 ilikuja na kumbukumbu ya kilobaiti 1, yaani baiti 1,024. Kati ya hizo, 125 zilitumiwa na mfumo wenyewe. Skrini yake ilikuwa na mistari 24 ya herufi 32, na ikijaa yote ilichukua baiti 793. Zilizobaki zilikuwa 106, na humo zilipaswa kuingia programu pamoja na hesabu zake zote. Ndiyo maana waandishi wengi walitumia sehemu ndogo tu ya skrini, au walinunua kifaa cha kuongeza kumbukumbu.

Ugumu uliongezeka kwa sababu kanuni inataka seli zote zibadilike kwa pamoja. Programu inayobadilisha seli moja moja kwenye gridi ileile hukosea, kwani seli inayofuata huhesabu majirani waliokwisha kubadilika. Mfano mzuri ni mstari wa seli 3 za mlalo. Kwa kanuni sahihi, mstari huo hugeuka kuwa wima, kisha mlalo tena, na kuendelea hivyo daima:

    .....      .....
    .....      ..O..
    .OOO.  →   ..O..
    .....      ..O..
    .....      .....

Programu inayopita kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini, ikibadilisha seli hapohapo, hutoa jibu hili:

    .....
    ..OO.
    .O.O.
    .....
    .....

Seli ya pili katika mstari wa juu imezaliwa kwa sababu ilimhesabu jirani aliyezaliwa punde tu, ambaye alipaswa kungoja kizazi kijacho. Kosa hilo limezaa makosa mengine chini yake. Wanafunzi wengi wa programu walikutana na kosa hili katika jaribio lao la kwanza, na bado hutokea leo.

Zilikuwapo njia tatu za kawaida za kulikwepa:

1. Gridi mbili. Gridi moja huhifadhi kizazi cha sasa na nyingine hupokea kizazi kipya. Ni njia rahisi, lakini huhitaji kumbukumbu maradufu. Gridi ya seli 32 kwa 24 ina seli 768. Kwa baiti moja kwa kila seli, gridi mbili huchukua baiti 1,536, zaidi ya kumbukumbu yote ya ZX81.
2. Hali za muda. Kila seli hupewa mojawapo ya alama nne: mfu, hai, "hai itakayokufa" na "mfu itakayozaliwa". Programu hupita mara ya kwanza ikiweka alama, kisha mara ya pili ikizitekeleza. Gridi moja hutosha, na skrini yenyewe inaweza kuwa gridi hiyo. Kwenye Commodore PET, kwa mfano, kumbukumbu ya skrini ilianzia anwani 32768, na programu iliweza kusoma na kuandika herufi zake moja kwa moja.
3. Nakala ya mistari miwili. Kwa kuwa seli hutegemea mstari wake, wa juu yake na wa chini yake tu, inatosha kuhifadhi nakala ya zamani ya mstari wa sasa na ya mstari uliotangulia. Mistari ya chini bado haijabadilishwa.

## Tatizo la kasi

Skrini ya Commodore PET ilikuwa na herufi 40 kwa mistari 25, yaani seli 1,000. Kwa kuwa kila seli ina majirani 8, kizazi kimoja huhitaji kuangalia hali ya seli mara 8,000. Lugha ya BASIC kwenye kichakato cha 6502 chenye kasi ya megahezi 1 iliweza kutekeleza maagizo mia chache tu kwa sekunde. Hivyo kizazi kimoja kilichukua nusu dakika au zaidi. Glaida iliyohitaji vizazi 4 ili kusogea mraba mmoja ilionekana kama haitembei kabisa.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuacha BASIC na kutumia lugha ya mashine, ambayo huendesha kichakato bila mkalimani wa katikati. Hesabu ileile iliweza kwenda kasi mara mia moja au zaidi. Kwa vijana wengi wa miaka hiyo, haja ya kuharakisha programu kama hii ndiyo iliyowafundisha lugha ya mashine.

Dawa ya pili ilikuwa kupunguza kazi. Sehemu kubwa ya gridi huwa tupu, na seli tupu iliyozungukwa na seli tupu haiwezi kubadilika. Programu iliyohifadhi orodha ya seli hai tu, au ya sehemu zilizobadilika katika kizazi kilichopita, iliruka mahali pengine pote. Njia nyingine ilikuwa kuweka ndani ya kila baiti hali ya seli pamoja na idadi ya majirani wake walio hai. Hapo seli iliyozaliwa au kufa ndiyo pekee iliyowapa taarifa majirani wake 8. Wengine wote hawakuguswa.

Dawa ya tatu ilikuwa kuweka seli 8 ndani ya baiti moja, kila seli ikitumia biti moja. Kichakato kinapofanya hesabu ya kimantiki juu ya baiti, hushughulikia biti zote 8 kwa pamoja. Kwa kusogeza mistari kushoto na kulia, kisha kuijumlisha kwa milango ya kimantiki kama ile iliyo ndani ya saketi ya kujumlishia, programu iliweza kuhesabu majirani wa seli 8 kwa wakati mmoja. Skrini ya ZX Spectrum ilikuwa na nukta 256 kwa 192, ambazo kwa biti moja kila nukta ni baiti 6,144. Seli zaidi ya 49,000 ziliweza kukaa ndani ya kilobaiti 6.

Mbinu hiyo ilipata nguvu zaidi kwenye kompyuta ya Amiga, iliyotoka mwaka 1985. Amiga ilikuwa na saketi ya pekee ya kunakili na kuchanganya picha. Saketi hiyo ilipokea picha tatu na kuziunganisha kwa yoyote kati ya kanuni 256 za kimantiki, huku kichakato kikuu kikifanya kazi nyingine. Tomas Rokicki aliitumia kuandika programu ya kasi ya Mchezo wa Uhai. Baadaye, pamoja na Andrew Trevorrow, alitoa Golly, programu huria inayotumiwa na watafiti na wapenzi wa mchezo huu hadi leo.

## Tatizo la ukingo

Kwa hisabati, gridi ya Mchezo wa Uhai haina mwisho. Skrini ina mwisho. Tofauti hiyo haikuwa jambo dogo, kwa sababu iliweza kumfanya mtumiaji aamini jambo lisilo la kweli.

Waandishi wengi walichagua mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kuzungusha gridi kwa seli ambazo ni mfu daima. Katika gridi hiyo glaida ikifika ukingoni haipotei, bali huvunjika na kuacha boksi la seli 4 ambalo halibadiliki tena. Ya pili ni kuunganisha kingo, ili kinachotoka kulia kiingie kushoto na kinachotoka juu kiingie chini. Gridi ya namna hiyo ina umbo la tyubu ya tairi. Hapo glaida iliyotoka hurudi upande wa pili na kuweza kuligonga umbo lililoitoa.

Mfano unaoonyesha hatari hii ni pentomino ya R, umbo la seli 5:

    .OO
    OO.
    .O.

Maumbo mengine mengi ya seli 5 hutulia upesi. Hili halikutulia. Conway na wenzake walikuwa wamelifuatilia hadi kizazi cha 460 wakati makala ya Gardner ilipochapishwa, na bado lilikuwa linabadilika. Kompyuta zilionyesha kwamba hutulia kwenye kizazi cha 1,103, likiwa na seli 116, zikiwemo glaida 6.

Glaida ya kwanza hutoka kwenye kizazi cha 69. Kufikia kizazi cha 1,103 huwa imesafiri karibu miraba 258 kwa mshazari. Hakuna skrini ya herufi 40 kwa 25 inayoweza kuibeba safari hiyo. Kwa hiyo mtu aliyeandika programu yake bila kosa lolote, akaingiza pentomino ya R na kusubiri, alipata jibu tofauti na 116, na jirani yake mwenye skrini ya ukubwa mwingine alipata jibu la tatu. Kanuni zao zilikuwa sahihi. Kilichotofautiana ni ukingo.

Somo hilo linahusu uigaji wote wa kompyuta, uwe wa hali ya hewa, wa maji au wa ugonjwa unaoenea. Mpaka aliouweka mwandishi kwa sababu ya uhaba wa kumbukumbu unaweza kuonekana kwenye matokeo kana kwamba ni sehemu ya maumbile.

## Automata za mstari mmoja

Kwa wenye kumbukumbu ndogo kabisa kulikuwa na automata za mstari mmoja. Katika namna hii seli hupangwa kwenye mstari, na kila seli hujiangalia yenyewe na majirani wake wawili. Kizazi kipya huchorwa chini ya kilichotangulia, hivyo skrini huonyesha historia yote kwa pamoja. Mstari wa seli 40 unahitaji hesabu 40 tu kwa kila kizazi, kazi ambayo hata BASIC iliiweza.

Seli tatu zenye hali mbili zinaweza kupangwa kwa namna 8, na kila namna inaweza kuzaa hali 2. Hivyo kuna kanuni 256 kamili. Idadi hii ni sawa na ile ya kanuni za saketi ya Amiga, kwa sababu zote mbili ni kanuni zinazopokea biti tatu na kutoa moja. Mwanafizikia Stephen Wolfram alizichunguza kanuni hizi kuanzia mwanzo wa miaka ya 1980 na kuzipa namba kutoka 0 hadi 255.

Katika kanuni namba 90, seli huwa hai ikiwa mmoja tu kati ya majirani wake wawili ni hai. Kutoka seli moja hutokea umbo hili:

    ....O....
    ...O.O...
    ..O...O..
    .O.O.O.O.
    O.......O

Ikiendelea, hutokea pembetatu zenye pembetatu ndani yake, umbo linalojulikana kwa jina la mwanahisabati Sierpiński wa Poland. Kanuni namba 110 ilibainika baadaye kuwa na uwezo wa kufanya hesabu yoyote ambayo kompyuta inaweza kuifanya. Uthibitisho wake, uliofanywa na Matthew Cook, ulichapishwa mwaka 2004.

## Mchango katika sayansi

Kompyuta za nyumbani hazikutumika kwa burudani pekee. Christopher Langton, aliyekuwa mwanafunzi kwenye Chuo Kikuu cha Arizona huko Tucson, alinunua Apple II na kuitumia kutafuta automata inayojinakili. Alianza na kazi ya Codd na kuuliza swali jepesi zaidi: badala ya mashine inayoweza kutengeneza chochote na pia kujinakili, je, kunaweza kuwa na umbo linalojinakili tu?

Jibu lilikuwa kitanzi cha seli 86 katika automata yenye hali 8. Ndani ya kitanzi huzunguka ishara zinazosema "endelea mbele" na "kata kushoto". Ishara zikifika mwisho wa mkono unaotoka nje, mkono huo hukua, hukata kona mara tatu na kujifunga kuwa kitanzi kipya. Baada ya hatua 151 vitanzi huwa viwili. Ishara zilezile hutumika kwa njia mbili: husomwa kama maagizo ya ujenzi, na hunakiliwa ili mtoto naye awe nazo. Hivyo ndivyo asidi ya DNA inavyofanya kazi ndani ya viumbe.

Kazi hiyo pia ilibanwa na kumbukumbu. Seli hapa hujiangalia yenyewe na majirani 4. Kwa hali 8, namna za kupangwa ni 8 × 8 × 8 × 8 × 8, yaani 32,768. Jedwali kamili la kanuni lenye baiti moja kwa kila namna lingechukua kilobaiti 32, wakati Apple II ya miaka hiyo kwa kawaida haikuzidi kilobaiti 48. Kwa bahati, kanuni ni zilezile umbo likigeuzwa pande nne, jambo linalopunguza jedwali hadi karibu robo.

Langton alichapisha kazi yake mwaka 1984. Mnamo Septemba 1987 aliandaa huko Los Alamos mkutano wa kwanza kuhusu uhai wa kubuni, na tangu hapo uhai wa kubuni ukawa tawi la utafiti linalojitegemea.

Mwaka huohuo wa 1987 Tommaso Toffoli na Norman Margolus wa MIT walitoa kitabu kuhusu mashine za automata za seli. Kadi yao iliyoitwa CAM-6 ilichomekwa ndani ya kompyuta ya kawaida ya IBM na kuendesha gridi ya seli 256 kwa 256 kwa vizazi 60 kila sekunde. Ilitumika kuiga mwendo wa gesi, kuenea kwa vitu na kukua kwa fuwele.

Katika *Scientific American* la Desemba 1984, A. K. Dewdney alieleza Wa-Tor, uigaji wa samaki na papa kwenye bahari yenye umbo la tyubu. Papa wakizidi, samaki huisha na papa hufa njaa. Papa wakipungua, samaki huongezeka tena. Wasomaji waliiandika kwenye kompyuta zao na kujionea jinsi idadi za mwindaji na mwindwa zinavyopanda na kushuka kwa zamu.

## Kwa nini ilibidi kutazama

Conway na wenzake walithibitisha kwamba mito ya glaida inaweza kubeba taarifa kama umeme kwenye waya, na kwamba kwenye gridi isiyo na mwisho Mchezo wa Uhai unaweza kufanya hesabu yoyote ya kompyuta. Uthibitisho huo ulichapishwa mwaka 1982. Matokeo yake ni kwamba hakuna njia moja ya jumla ya kubashiri kama umbo fulani litatulia, litakufa au litaendelea milele. Kwa maumbo mengi njia pekee ni kuyaendesha na kuona.

Hiyo ndiyo sababu uigaji ulikuwa na uzito. Mtu aliyekaa nyumbani na kompyuta ya bei nafuu hakuwa akirudia jambo ambalo wataalamu walikuwa wamelimaliza. Alipoweka seli zake mwenyewe kwenye gridi, mara nyingi hakuwepo mtu mwingine duniani aliyejua zingeishia wapi.

Conway mwenyewe alilalamika mara nyingi kwamba mchezo huu ulifunika kazi zake nyingine katika nadharia ya makundi, nadharia ya namba na fundo. Alifariki tarehe 11 Aprili 2020 nchini Marekani kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19. Programu za kanuni zake zimeandikwa kwa karibu kila aina ya kompyuta iliyowahi kuuzwa, na bado hutumika kuwafundisha wanafunzi namna ya kutumia gridi, kuhesabu majirani na kutenganisha kizazi cha sasa na kijacho.